Mwale wa Katanga, Mgonjwa wa Bukavu

Daktari wa Ulaya au Marekani aliyenunua radiamu mpya kati ya mwaka 1922 na 1933, ili awatibu wagonjwa wake wa saratani, mara nyingi alikuwa ananunua jiwe la Kongo bila kujua. Jiwe lenyewe lilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika mgodi wa kampuni ya Union Minière kule Katanga. Mwingereza mtafuta madini, Robert Rich Sharp, aliitambua urani ya mahali hapo mwaka 1915. Uchimbaji ulianza 1921, na kabla ya mwaka 1922 kwisha, kiwanda cha Olen nchini Ubelgiji kilikuwa kimetoa gramu yake ya kwanza ya radiamu. Siku hizo gramu moja ilikuwa mali ya kutisha. Mwaka 1921 wanawake wa Marekani walichanga dola 100,000 ili wamzawadie Marie Curie gramu moja tu. Olen ilipoingia sokoni, bei iliporomoka hadi dola 70,000 hivi, migodi ya Colorado ikashindwa kushindana, na Wabelgiji wakalishika soko peke yao mpaka Wakanada walipokuja na radiamu yao mwaka 1933.

Kazi ya Shinkolobwe ilikuwa kazi ya mikono. Mawe mengine yalikuwa na oksaidi ya urani hadi asilimia 65, kiwango ambacho migodi mingine ya dunia haikukikaribia, na vibarua Wakongo waliyachambua mojamoja wakitenga yaliyo bora. Kutoka hapo yalipakiwa kwenye treni hadi pwani, kisha melini hadi Antwerpen. Radiamu iliyomo ndani ya jiwe ni chembe: inahitajika urani ya tani tatu hivi ili kupata gramu moja. Marie Curie alifariki mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu uliohusishwa na mionzi, na kila mtoto wa shule ameambiwa habari zake. Vibarua walioshika mawe yale kwa viganja vitupu hawakuandikiwa wasifu.

Wakati radiamu inasafiri kwenda kaskazini, huko Boston daktari mpasuaji Harvey Cushing alikuwa anahangaika na uvimbe wa ubongo. Mwaka 1926, yeye na mwenzake Percival Bailey walichapisha mpango wa kuainisha uvimbe huo kwa kuangalia chembe zake kwenye hadubini, na aina mbaya kupita zote, inayoota upesi na kujipenyeza katika ubongo kiasi kwamba kisu hakiwezi kuitoa yote, ikapata jina ambalo madaktari wanalitumia mpaka leo: glioblastoma. Cushing alijaribu pia kupachika radiamu ndani ya kichwa, mahali uvimbe ulipoondolewa. Matokeo hayakumfurahisha. Hata hivyo wazo la kuufuata uvimbe kwa mwale baada ya kisu halikufa, na miaka mingi baadaye likawa nguzo ya kwanza ya matibabu yake.

Bukavu ya wakati huo, mashariki mwa Kongo, ulikuwa mji mdogo wa walowezi kwenye rasi za Ziwa Kivu, ukiitwa Costermansville kwa heshima ya Paul Costermans, afisa wa Dola Huru ya Kongo. Nyumba za Wazungu zilipangwa Nguba na Muhumba penye upepo wa ziwa. Waafrika walipewa Kadutu, mlimani. Tiba ya kisasa ilifika kwa mlango wa misheni na vyuo vikuu vya Ubelgiji: Chuo Kikuu cha Louvain kilianzisha shirika lake la tiba nchini Kongo mwaka 1926, FOMULAC, na baadaye kikajenga hospitali Katana, kaskazini mwa mji. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni iliunda taasisi ya utafiti, IRSAC, na makao yake makuu yakajengwa Lwiro, mwendo wa kilomita 45 hivi kutoka Bukavu, majengo ya mawe yenye bustani na maktaba ambayo mgeni hategemei kuyakuta chini ya mlima Kahuzi.

Lwiro ndipo mionzi ilipokanyaga Kivu kwa namna inayoweza kuelezwa kwa undani. Katika miaka ya 1960, watafiti Wabelgiji wakiongozwa na kina François Delange na A. M. Ermans walivuka kwenda kisiwa cha Idjwi kuchunguza rovu. Kaskazini mwa kisiwa zaidi ya nusu ya watu walikuwa na shingo zilizovimba. Kusini-magharibi rovu ilikuwa ya nadra, ingawa watu wote walikunywa maji yaleyale yaliyopungukiwa madini ya joto, yaani ayodini. Watafiti waliwapa watu kiasi kidogo mno cha ayodini yenye mionzi, wakasubiri, kisha wakaelekeza kipimo shingoni kuhesabu ni kiasi gani kimenaswa na tezi. Shingo zilizokuwa na njaa ya ayodini ziliivuta kwa pupa. Hatimaye walimkamata mshirika aliyejificha: muhogo. Usiporowekwa vya kutosha huacha mwilini kemikali inayoizuia tezi kutumia hata ayodini kidogo iliyopo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1968 na 1971, na bado yanatajwa katika vitabu vya tiba ya tezi duniani kote.

Ugunduzi huo ni wa kujivunia. Lakini yafaa kuangalia mionzi ilikuja Kivu kwa kazi gani. Ilikuja kupima. Hakuna mtu wa Idjwi, Katana au Kadutu aliyelazwa chini ya mwale ili uvimbe wake uchomwe, ingawa mwale huo ulikuwa umekwisha kutoka katika ardhi ya nchi yake zaidi ya miaka arobaini kabla.

Nchi ilikuwa na zaidi ya mawe. Mwaka 1959, padri na mwanafizikia Luc Gillon, rekta wa Chuo Kikuu cha Lovanium huko Léopoldville, Kinshasa ya leo, aliwasha kinu cha nyuklia cha utafiti, TRICO, cha kwanza barani Afrika. Hoja yake ilikuwa nyepesi: nchi iliyotoa urani ya bomu la Hiroshima ilistahili angalau kinu kimoja cha kusomea. Kinu hicho kilitengeneza ayisotopu kwa ajili ya utafiti wa kilimo na tiba. Kutoka pale mpaka Bukavu ni kilomita 1,500 hivi, na barabara ya kuaminika ya kuunganisha miji hiyo haipo hata leo. Ukiwa Bukavu, Kinshasa ulikuwa unaifikia kwa ndege.

Halafu ikaja kobalti, na hapa mtu anaweza kucheka kwa uchungu. Mwaka 1951 Wakanada walianza kutibu saratani kwa mashine za kobalti-60, na katika miaka iliyofuata mashine hizo, rahisi kuliko radiamu na zenye nguvu zaidi, zikaenea dunia nzima. Kobalti-60 haichimbwi, hutengenezwa kwa kuichomeka kobalti ya kawaida ndani ya kinu cha nyuklia. Lakini kobalti ya kawaida, wakati huo, mzalishaji wake mkubwa duniani alikuwa Kongo, na ndivyo ilivyo mpaka leo: takriban asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa. Mara ya pili nchi ikakalia mali ghafi ya tiba, na mara ya pili mgonjwa wa Kivu akabaki na dawa za maumivu.

Jirani, Uganda, historia ilikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1958 daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, alieleza uvimbe wa taya za watoto ambao sasa unabeba jina lake. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu la Ford wakaendesha maili 10,000 wakiuliza hospitali za vijijini iwapo wameuona. Ramani iliyotokana na safari hiyo ilionyesha kwamba uvimbe unapungua kadiri nchi inavyopanda: nyanda za juu za Rwanda na Burundi zilinusurika. Bukavu, kwenye kimo cha karibu mita 1,500, iko ukingoni kabisa mwa ramani hiyo.

Kwa habari ya uvimbe wa ubongo, jambo la maana zaidi katika hadithi ya Burkitt ni lile alilolikosa. Mulago haikuwa na tibamionzi. Kwa sababu hiyo alijaribu dawa, methotrexate na nyingine za kampuni zilizokubali kumpelekea, na uvimbe ukayeyuka kwa watoto ambao Ulaya wangeelekezwa kwenye mashine. Mwaka 1967 kituo cha kutibu uvimbe huo kikafunguliwa Kampala chini ya Mmarekani John Ziegler, na ndicho kilichozaa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Majaribio ya kuchanganya dawa kadhaa kwa mgonjwa mmoja, ambayo leo ni desturi ya kila wodi ya saratani, yalipata sehemu ya ushahidi wake pale. Ukosefu wa mashine ulisukuma ugunduzi. Mtu asiugeuze ukosefu huo kuwa baraka, maana watoto wenye uvimbe usiosikia dawa hawakupata kitu.

Mashine ya kobalti ilifika Mulago mwaka 1995. Kwa zaidi ya miaka ishirini ilihudumia Waganda, Wanyarwanda, Warundi, Wasudani Kusini, na Wakongo wa mashariki waliomudu safari. Chanzo cha kobalti-60 hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya miaka mitano na miezi mitatu, kwa hiyo mgonjwa aliyelala chini ya mashine dakika mbili mwanzoni, chanzo kisipobadilishwa, atalala dakika nne, kisha nane, kwa dozi ileile, na foleni nje ya mlango inazidi kurefuka. Mwaka 2016 ilikufa kabisa. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu bure wagonjwa 400, na zaidi ya mwaka mmoja ukapita kabla Kampala haijapata mashine nyingine. Mgonjwa wa Bukavu aliyekuwa anahesabu nauli ya Kampala akaanza kuhesabu ya Nairobi.

Ahueni ilikuja kutoka ng'ambo ya mto Ruzizi. Rwanda ilikuwa imefungua hospitali ya saratani Butaro mwaka 2012, ikitoa dawa bila mionzi. Mwaka 2019 Hospitali ya Kijeshi ya Kanombe, Kigali, ikaanza kutibu kwa mashine mbili za kisasa zisizohitaji kobalti. Kwa mara ya kwanza mwale ulikuwa umbali wa basi. Mtu anashuka mpaka daraja la Ruzizi ya Kwanza, anaonyesha hati yake, anavuka hadi Kamembe, anapanda basi linalopita msitu wa Nyungwe, na jioni yuko Kigali. Bukavu yenyewe, mji wa watu zaidi ya milioni moja, wenye Hospitali Kuu ya Rufaa ya Mkoa, wenye hospitali ya Panzi iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999 na kujulikana dunia nzima, haijapata mashine.

Ilichukua muda mrefu hata kwa nchi tajiri kukubaliana glioblastoma itibiwe vipi. Mwaka 1978 kundi la Wamarekani lilichapisha ulinganisho ulioonyesha kwamba waliopata mionzi baada ya upasuaji waliishi wiki 35 hivi, wakati waliopata uangalizi tu waliishi wiki 14. Kisha zikapita karibu miaka thelathini ya dawa zilizoshindwa. Kizuizi kikubwa ni ukuta kati ya damu na ubongo, unaozuia dawa nyingi zisipenye. Katika miaka ya 1980, maabara ya Malcolm Stevens katika Chuo Kikuu cha Aston, Birmingham, ilitengeneza kemikali inayopenya ukuta huo na kumezwa kama kidonge: temozolomide. Mwaka 2005 Roger Stupp, akiwa Lausanne, pamoja na wenzake wa Ulaya na Kanada walitangaza matokeo ya wagonjwa 573. Mionzi pekee ilitoa wastani wa miezi 12.1 ya uhai; mionzi pamoja na kidonge, miezi 14.6. Mtu atasema miezi miwili na nusu ni kitu gani. Lakini baada ya miaka miwili, waliokuwa hai walikuwa asilimia 26.5 kwa asilimia 10.4, na tofauti hiyo ndiyo iliyoubadili mwongozo wa tiba kila mahali: vipindi 30 vya mionzi kwa wiki sita, kidonge kila siku ya wiki hizo, kisha miezi sita ya kidonge peke yake.

Nguzo ya tatu ililetwa na mtu asiyetarajiwa. Yoram Palti, mwanafiziolojia wa Technion mjini Haifa, alikuwa na wazo kwamba umeme unaobadilisha mwelekeo kwa kasi maalumu unaweza kuvuruga seli inapogawanyika. Ndani ya seli inayojigawa, protini zenye chaji za umeme hujipanga ili kuvuta kromosomu kila upande. Ukizizungushia uga wa umeme wa mizunguko 200,000 kwa sekunde, zinashindwa kujipanga sawasawa, na seli inakufa au inagawanyika vibaya. Seli za neva za mtu mzima, ambazo karibu hazigawanyiki, zinabaki salama. Palti alianzisha kampuni mwaka 2000, na Marekani ikaidhinisha kifaa mwaka 2011 kwa uvimbe uliorudi, kisha 2015 kwa uvimbe mpya.

Kifaa kinachovaliwa hakifanani na mashine ya hospitali. Nywele zinanyolewa. Vibandiko vinne vyenye visahani vya kauri vinagandishwa kichwani, mbele, nyuma, kushoto na kulia, vinaunganishwa kwa nyaya na kisanduku cha kilo moja na kitu kinachobebwa begani pamoja na betri yake. Kila baada ya siku tatu au nne vibandiko vinatolewa, kichwa kinanyolewa tena, ngozi iliyochubuka inapumzishwa kidogo, vipya vinawekwa. Mgonjwa anatakiwa kuvivaa saa 18 kwa siku, akilala, akila, akienda sokoni. Katika utafiti uliowaandikisha watu 695 na kuchapishwa kikamilifu mwaka 2017, walioongezewa uga huo waliishi wastani wa miezi 20.9, wengine miezi 16. Wapo madaktari ambao hawajaridhika, kwa sababu kundi la pili halikupewa kifaa bandia cha kulinganishia, na bei ya Marekani, takriban dola 21,000 kwa mwezi, ilizidisha mashaka. Mashaka hayo ni ya haki.

Katika utafiti huo uga ulianza baada ya mionzi kumalizika. Swali lililofuata lilikuwa la muda: kwa nini usianze siku moja na mionzi? Majaribio ya maabara yalionyesha kwamba seli iliyochomwa na mwale hukarabati jeni zake polepole zaidi ikiwa ndani ya uga, yaani tiba mbili zinasaidiana. Hofu ilikuwa kwamba visahani vilivyoko kichwani vingepotosha mwale au kuunguza ngozi. Majaribio madogo ya awali yakaonyesha kwamba inavumilika kuviacha wakati wa mionzi. Utafiti mkubwa wa kimataifa unaoitwa TRIDENT, ulioanza mwaka 2020, ukaundwa kulinganisha walioanza vyote pamoja na walioanza uga baadaye.

Mtindo huu wa kuunganisha ndio unaoifanya historia ya Kivu iume zaidi. Kidonge cha temozolomide kinaweza kuvuka Ruzizi mfukoni. Mwale hauvuki, mgonjwa ndiye anayeufuata, na kwa vipindi 30 inambidi apange chumba Kigali kwa wiki sita, pamoja na ndugu wa kumwuguza, wakati mashamba au duka la nyumbani limesimama. Na kifaa cha uga, hata kama kingetolewa bure, kinataka betri zichajiwe usiku na mchana. Bukavu inapata umeme wake kutoka bwawa la Ruzizi ya Kwanza, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 mahali ziwa linapomwagikia mtoni, lenye uwezo wa megawati 30 hivi. Bwawa la pili, linalotumiwa kwa pamoja na Kongo, Rwanda na Burundi, liliongezwa mwaka 1989. Mji umekua mara nyingi zaidi ya mitambo hiyo. Katika mitaa ya Kadutu na Panzi, familia hupika na kupiga pasi kwa zamu ya umeme, na wenye uwezo huweka paneli ya jua juu ya bati.

Februari 2025 waasi wa kundi la M23 waliingia Bukavu, baada ya mji wa Goma kuanguka mwezi uliotangulia. Benki zilifunga milango, na uwanja wa ndege wa Kavumu, njia ya Kinshasa, ukaacha kupokea abiria. Kwa mtu mwenye uvimbe wa ubongo hili lina maana ya moja kwa moja: aliyekuwa na akiba benki hakuweza kuitoa kulipia safari, na aliyetegemea ndege alibaki na daraja tu.

Hata hivyo kuna sehemu ya matibabu ambayo mji unaifanya. Uvimbe unapoanza kusukuma ubongo na mgonjwa kuanguka kifafa, daktari wa Bukavu anaweza kumpa dawa ya kupunguza shinikizo, deksamethasoni, na dawa za kifafa, zote za bei nafuu. Anayerudi kutoka Kigali na vidonge vyake anapaswa kupimwa damu mara kwa mara, kila wiki wakati wa mionzi na kila mzunguko wa dawa baadaye, kwa sababu temozolomide hushusha chembe nyeupe na chembe sahani. Kipimo hicho maabara za hospitali kubwa za mji zinakifanya, na matokeo yake yanaweza kutumwa kwa simu kwa daktari wa ng'ambo aamue iwapo mzunguko unaofuata uendelee au usubiri.